Kilo Nilizomficha Fundi

Fundi aliniuliza uzito wangu mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha. Nikamjibu kilo sitini na tano. Nilikuwa na themanini na nne.

Nilikuwa nimempelekea baiskeli yangu ya milimani pale kibandani kwake Mafiga. Kila Jumamosi asubuhi kikundi chetu, watu kama kumi hivi, kilipanda hadi vijiji vya Uluguru, na kila Jumamosi mimi nilifika wa mwisho. Wenzangu walinisubiri juu, wameshakunywa maji na kupiga picha. Kiongozi wetu alikuwa ametuambia kwamba uzito ulioko kwenye magurudumu unachosha kuliko uzito wa mahali pengine popote. Maneno hayo niliyashika kama dawa. Nikaamua kubadilisha spoku, zile nyaya zinazoshika ringi, niweke nyepesi.

Fundi alikuwa rika langu, Mluguru wa huko huko milimani, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Aliniwekea spoku mbili kiganjani. Moja ilikuwa nene mwanzo hadi mwisho. Nyingine ilikuwa imepunguzwa katikati, nyepesi kama njiti ya fagio la chelewa.

"Hizi nyembamba ni nzuri, dada," alisema. "Lakini zina mtu wake. Una kilo ngapi?"

Nikasema uongo wangu.

"Basi sawa. Akizidi sabini na tano, gurudumu la nyuma, upande wa gia, huwa namwekea nene. Uzito unaoongezeka ni mdogo, wala hausikii."

Alikuwa ameniachia mlango wazi. Nikautazama mlango, nikawatazama wale wanaume kwenye benchi.

"Weka nyembamba zote," nikasema.

Alinitazama mara moja, akainama kutafuta ufunguo wake wa kukazia spoku. Sijui kama aliamini. Labda aliona si adabu kubishana na mwanamke kuhusu kilo zake mbele za watu. Alifanya kazi mchana kutwa, akizungusha gurudumu, akigusa spoku moja moja na kusikiliza zinavyolia.

Wiki tatu nilikuwa na furaha. Sikuwa wa mwisho tena, nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Jumamosi ya nne, tukiwa tunateremka njia ya mawe, nikasikia "ta!" nyuma yangu. Kisha mbili kwa mpigo. Gurudumu likayumba, likakwama kwenye fremu, nami nikarushwa kwenye tuta la kabichi la mama mmoja aliyekuwa akipalilia.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa bado nimelalia kabichi zake.

"Marahaba. Umevunjika?"

Sikuwa nimevunjika. Akanishika makwapani, akavuta, akashindwa. Akawaita wenzangu: "Njooni mnisaidie, mwenzenu huyu mzito!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kujifunika. Kiongozi wetu yeye alikuwa amekwisha kuinua baiskeli, anahesabu spoku zilizokatika.

"Nani alikufungia gurudumu hili?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mama wa watu alikuwa ameshatangaza nusu ya siri, mimi nilibakiwa na nusu tu.

"Fundi wa Mafiga," nikasema.

Kabla sijafika nyumbani Kilakala, ujumbe ulikuwa tayari kwenye simu za kikundi: tahadharini na fundi yule, karibu amuue mwenzetu. Niliusoma nikiwa nimeweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Sikuandika kitu.

Jumatatu nikampelekea gurudumu. Alizitazama spoku zilizokatikia kwenye kona, pale zinapoingia kitovuni. Akazipanga juu ya gazeti. Wateja walikuwepo.

"Samahani sana, dada," akasema, na kila mtu alisikia. "Kuna mahali nimekosea. Kwa kilo zako hazikutakiwa kukatika."

Alinisukia gurudumu upya kwa spoku mpya, akakataa kupokea chochote. Nami nikamwacha akatae. Nikashukuru, nikaondoka nikisukuma baiskeli, nikaiweka stoo na sikuipanda tena.

Mwezi uliofuata nikasikia kwamba ameacha kusuka magurudumu. Anaziba pancha, anabadilisha minyororo, basi. Mtu akija na kazi ya spoku anamwelekeza mjini. Habari hiyo nililetewa kama habari njema, eti amejitambua.

Nilikwenda kesho yake. Nilitaka kumvuta pembeni, lakini nikakumbuka kwamba yeye aliniomba radhi hadharani. Nikasimama hapo hapo.

"Fundi, nilikudanganya. Nina kilo themanini na nne. Nilikuwa nazo siku ile pia."

Aliweka chini tairi alilokuwa ameshika.

"Dada," akasema taratibu, "mwezi mzima nimeihukumu mikono yangu. Usiku nalala nahesabu nilikaza wapi, nililegeza wapi. Nikamwambia mke wangu labda macho yameanza kuchoka."

Nikasema nisamehe. Akasema amenisamehe, akaokota tairi lake.

Jioni ile niliandika kwenye kikundi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nilisema kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilimtajia fundi uzito usio wangu, kwamba mimi ni "zaidi kidogo ya sabini na tano." Hata katika kuungama niliiba kilo kama nane. Watu wakatuma vikaragosi vya kucheka. Wawili walimrudia fundi, na mmoja wao alimshawishi asuke tena. Kiongozi hakuwahi kuufuta ujumbe wake.

Siku hizi nikipita Mafiga namsalimia fundi, naye anaitikia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani. Ila kazi yake inapokuwa mkononi hainui uso, na mimi sisimami.