Waliotupisha Njiani

Barabara ya Ukunda kwenda Msambweni naijua shimo kwa shimo, lakini siku ile niliiombea iwe ndefu. Baba alikuwa mbele yangu ndani ya jeneza, nyuma ya pikapu ya jirani. Alifariki alfajiri nyumbani kwangu, na alitakiwa kuzikwa kwao baada ya Adhuhuri. Kwetu wanawake hatufiki makaburini. Kwa hiyo safari ile ndiyo iliyokuwa maziko yangu.

Nilimfuata kwa gari langu, indiketa zote zikiwaka, mdogo wangu wa kiume kando yangu na magari ya wanaume nyuma. Watu wetu, hata mwenye haraka zake, akiona jeneza hutulia. Bodaboda walisimama pembeni. Gari la watalii lilizima muziki. Wote walitupisha, maana maiti hacheleweshwi. Na kila aliyetupisha alinipunguzia baba yangu.

Karibu na Gazi tulikuta trekta limesheheni miwa, linajikokota katikati ya barabara. Mdogo wangu alitoa kichwa dirishani.

"Hebu tupishe, bwana! Huoni jeneza?"

Dereva hakugeuka.

"Watu wengine hawana adabu kabisa, dada."

"Mwache," nilisema. "Huenda hasikii."

Moyoni nilimwombea azidi kutosikia. Kwa mwendo ule wa kobe niliweza kuliona vizuri shuka la kijani lililofunika jeneza, nikawa ninazungumza na baba kimoyomoyo, kama tulivyozoea kila akimaliza uji wake.

Kisha dereva akatuona. Aliliingiza trekta lote majanini, akavua kofia na kuinua mikono kumwombea maiti. Nilimchukia kwa adabu yake. Sijapata kumchukia mtu mwema kiasi kile, Mungu anisamehe.

Msambweni, pikapu ilisimama kwenye kichochoro cha kwenda msikitini na makaburini. Wanaume wakalipokea jeneza. Wapita njia wasiomjua hata jina walikimbilia kutia bega, hatua mbili tatu, wapate thawabu. Mimi niliyemwosha miguu na kumlisha kwa kijiko nilibaki nimeshika usukani.

Honi ililia nyuma yangu, ndogo, ya mtu aonaye haya. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka. Aliinama dirishani.

"Dada, tafadhali sogeza gari. Umewazibia watu njia."

Nilisogea hadi ukutani, nikawapisha waende kumzika baba yangu.