Hatua Tatu Juu

Mtu akija kuniuliza anunue kinanda gani, najua atakachotaja: kina midundo mingapi, kina sehemu ya flashi, spika zake zinavuma kiasi gani. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa namjibu kwa hasira, na hapa kijijini Gitting wanasema nimekuwa mkali tangu nifiwe. Ni kweli.

Kwetu kanisani kinanda hakianzishi wimbo. Mama mmoja anapaza sauti pale alipo, wengine wanamdaka, na mpigaji anawatafuta mbio mbio. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa mama yangu mzazi. Mimi nilijifunza mwenyewe, na siri yangu naisema leo: najua kupiga ufunguo wa C tu, vile vibao vyeupe. Mengine yote nilifanyiwa na transpozi, kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo. Kwenye kinanda chetu cha zamani kilikuwa juu kushoto, maandishi yamefutika kwa kidole changu. Mama akipaza, nabonyeza mara mbili tatu, nimempata.

Kinanda kile kilipochakaa, kwaya ilinituma Mbulu mjini nikachague kingine. Mama alikuwa ameshaanza kuugua. Akaniambia, "Mwanangu, chukua kinachotufuata haraka. Na siku yangu ikifika, usiniache niimbiwe kavu, bila kinanda." Nikasema sawa mama, nikacheka, nikapanda basi. Dukani muuzaji akawasha mdundo wenye ngoma na magitaa, kioo kikawaka rangi zote, basi, nikalewa. Transpozi sikuiuliza. Mjinga mimi!

Kumbe ilikuwa ndani kabisa. Unafungua ukurasa kwenye kioo, unashuka mistari, unabonyeza, unarudi. Nikajipa moyo kwamba nitazoea. Nizoee wapi? Mama hakuinuka tena kitandani, na mazoezini nyimbo nikawa naanzisha mwenyewe kwa C, wengine wananifuata.

Tulimzika shambani nyuma ya nyumba, asubuhi ya ukungu. Waya wa umeme ulivutwa kutoka sebuleni mpaka kwenye kinanda. Jeneza lilipoanza kushuka, mama mdogo akapaza wimbo alioupenda mama, juu sana, sauti ile ile ya dada yake. Nikafungua ukurasa. Nikafuta machozi, nikaanza kushuka mistari. Nikaupita mstari wa transpozi, nikarudi, ubeti wa kwanza ukaisha. Nikabonyeza sijui nini, zile ngoma na magitaa zikalipuka pale kaburini. Watu wote wakageuka. Nikazima, nikawasha tena, ukurasa umerudi mwanzo.

Waliimba beti zote kavu, na udongo unaingia. Mama mdogo aliniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa. Nilitamani aniseme, anitukane hata.

Ufunguo niliupata watu walipokuwa wananawa mikono kwenda kula. Hatua tatu juu. Tatu tu, mama. Nisamehe.