Maalim, Naomba Kukukata Kalima

Mpaka leo, harufu ya karafuu zilizorowa hunipandisha hasira. Si harufu mbaya, wenzangu. Wageni huivuta kwa raha, wakasema Mungu katupendelea Wapemba. Wao hawana kosa.

Nilikuwa darasa la tatu, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Asubuhi hiyo mama alikwenda msibani, akaacha karafuu zake zimeanikwa majamvini, uani kwetu, karibu kabisa na skuli. Alizichambua makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikawa vyeusi, na hizo ndizo zilizotarajiwa kutupatia nguo za Idi. Aliniusia, "Mbingu ikifunga, omba ruhusa uje uanue, sikia we!"

Maalim Haji, bwana wa mjini Unguja, kanzu ikinukia pasi, alikuwa akitusomesha adabu za mazungumzo. Mkubwa akisema, humkatizi ovyo. Unanyanyuka, unainamisha kichwa, unasema, "Niwie radhi, Maalim, naomba kukukata kalima." Kisha unangoja uruhusiwe.

Dirishani nikaona wingu jeusi limeshuka juu ya mikarafuu. Kutoka bila ruhusa kulikuwa na bakora yake. Basi nikanyanyuka, nikainama, nikayasema maneno yale kama alivyotufundisha.

Maalim akachanua meno yote. "Mmemsikia Asha? Hebu rudia, wakusikie wa nyuma."

Nikarudia.

"Sauti ishuke kidogo. Tena."

Nikarudia, na matone yameshaanza kugonga bati. Akaliamrisha darasa zima liseme pamoja nami. Tukapiga kelele sote kuomba ruhusa ya kusema, na hapana hata mmoja aliyeulizwa anataka kusema nini! Nilipojaribu kutamka "karafuu", akaninyanyulia kidole. "Ah, ah! Sijakuruhusu bado."

Tulipofunguliwa, nilikimbia. Majamvi yalikuwa yamejaa maji, na karafuu zimetawanyika mpaka mlangoni. Mama aliporudi akaziangalia, kisha akaniangalia mie.

"Weye huna mdomo?"

Ninao, mama! Nilikuwa nao siku nzima! Kofi alilonipa halikuniuma kama swali lile. Idi ile tulivaa nguo za mwaka uliopita.

Kwa muda mrefu nilidhani kuna kitu nilikikosea, labda sauti, labda namna nilivyoinama. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba sikukosea chochote. Maalim alitufundisha namna ya kumkata kalima, lakini yeye hakuwa na nia ya kunyamaza.