Barua ya Mkaguzi Niliyoipokea Kama Rambirambi

Aibu ninayoandika hapa ni yangu mwenyewe, na nikitaja kwamba fulani alicheka au fulani alinizomea msidhani ninamlaumu, maana kila nikiyapima mambo upya naona kosa linarudi kwangu mimi, sekretere wa koperative, mtu aliyeishia mwaka wa pili wa sekondari na aliyechaguliwa kwa sababu mwandiko wake unasomeka (miandiko ya wenzangu si mibaya, ila inataka subira).

Sisi ni wachimbaji wa shaba na kobalti, nje kidogo ya Kolwezi. Mzee wetu mmoja alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari, kilio kikawa nyumbani kwake Dilala, na kwetu mwenzako akifa hashuki mtu shimoni mpaka amezikwa, kwa hiyo machimbo yalibaki matupu. Mimi nilikaa mlangoni na kaye yangu, daftari la majina, kama kawaida: mtu anafika, anatoa bahasha ya rambirambi, naandika jina, natia kikapuni, halafu baadaye nasoma majina kwenye mikro, kile kipaza sauti, ili familia ijue nani amekuja kulia nao. Bahasha yenyewe haifunguliwi pale mezani, huwezi kumfungulia mtu bahasha yake mbele ya macho yake, utaonekana unachungulia alichotoa.

Basi akashuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, bwana mmoja wa shati safi, akanipa bahasha ya kaki yenye muhuri wa ofisi ya usalama wa machimbo, na karatasi ya kutia saini kwamba nimepokea. Nilijiuliza kidogo (tangu lini rambirambi inatiwa saini?) lakini nikasema moyoni, watu wa ofisi wana taratibu zao, nikatia saini yangu ile ndefu yenye mkia, bahasha ikaingia kikapuni pamoja na nyingine. Na kama vile haikutosha, nilipofika kwenye mikro nikapaza sauti: "Tunashukuru na batu ba usalama wa machimbo, hata bao bamekuya kulia na shiye!" Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka.

Wiki zikapita, tukachimba. Asubuhi moja tukakuta utepe umezungushwa machimbo yote na karatasi imebandikwa: tulionywa kwa barua, hatukujibu katika siku tulizopewa, basi uamuzi umetolewa bila sisi, tuna adhabu na machimbo yamefungwa, sababu zimo katika barua ile. Yote! Watu wamesimama na makoleo yao, kila mmoja ana nyumba inayokula kwa mikono ile, na wote wananitazama mimi.

"Sekretere," akasema Tata Mwamba, prezida wetu, "barua ya kutuonya iko wapi?"

"Haiko, Tata. Mi sikuone barua."

"Angaria tena."

Nikaangalia tena, nikafungua kila faili, hata masanduku ya risiti za zamani, haiko. Sikusema uongo, nataka hilo lieleweke, nilikuwa na hakika kabisa, na sasa naona hakika yangu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko uongo.

Tukaomba kesi ifunguliwe upya, tukapewa siku ya kujieleza. Ukumbi ulijaa watu wa koperative nyingine, wengine wametoka hata Tenke, wanangoja zamu yao. Mkaguzi wa ofisi ile ya usalama alikuwa mama wa makamo, mpole, akatuambia kesi inaweza kurudi kama tuna sababu ya kweli ya kunyamaza. Tata Mwamba akajibu vizuri, kwamba hatukuiona barua, na hapo ningebaki nimekaa. Lakini nikasimama. Hakuna aliyeniomba kusimama, wala kuinua mkono, wala kuapa.

"Mbele ya Mungu na ya hawa batu bote, ile barua haikufika mu mukono yangu! Kama ilifika, huu mukono ukauke!"

Mama mkaguzi akafungua faili bila haraka, akatoa karatasi. "Hii saini ni ya nani, tata?"

Mkia ule. Hakuna mwingine Kolwezi mwenye mkia kama ule.

"Na aliyeleta barua anasema ulimushukuru mu mikro," akaongeza, naye hakucheka, lazima nimpe haki yake, ila ukumbi wote uliangua kicheko.

"Sekretere, mukono umekauka ao bado?" mmoja akaita kutoka nyuma.

"Biro ya usalama imelia nabo, yee!"

Tata Mwamba akanigeukia polepole. "Weye. Ile kilio?" Nikaeleza yote, kikapu, kaye, mikro, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, na mama mkaguzi akauliza tu bahasha iko wapi sasa. Nikasema, kwa mjane aliyepewa kikapu. Akatupa mpaka saa nane.

Tulikwenda Dilala mbio, mimi na Tata Mwamba juu ya moto moja. Mama Kapinga, mjane, alikuwa anachambua maharage.

"Ile ya muhuri? Iko. Nilishika mukononi, nikasikia haina pesa, nikasema ni maneno ya kunifariji. Nangoja mutoto wangu wa kwanza atoke Sandoa, anisomee siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga."

"Mama, ile ni ya shiye," Tata Mwamba akasema.

"Ya benu? Na mi naiweka chini ya mutwe nikilala, kila siku, naombea juu yake!"

Akakataa kunipa. Akajifunga kitambaa chake cha kilio, akaileta mwenyewe kwa moto ya pili, ameikumbatia.

Mkaguzi akaigeuza huku na huku. Gundi haijaguswa. "Hamukuisoma, ni kweli. Kesi imefunguliwa upya." Makofi! Nami (Mungu anisamehe) nikaanza kutabasamu. Akaichana, akanipa. "Soma, tata. Weye njo sekretere."

Ilikuwa Kifaransa, nikasoma taratibu nikigeuza kwa Kiswahili. Kwamba mkaguzi alikuja machimboni siku ambayo hakukuwa na mtu wa kumwambia kwa mdomo. Kwamba ukuta wa shimo la tatu umepasuka. Kwamba asishuke mtu hata mmoja mpaka ushikizwe kwa miti.

Nikaanza kuyameza maneno. Tangu mazishi mpaka siku ya utepe tulikuwa tunashuka shimo la tatu kila siku, kwa sababu ndilo lenye jiwe zuri. Tata Mwamba alishuka. Mtoto wa pili wa Mama Kapinga alishuka, ndiye aliyekuwa chini kuliko wote.

Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kuvua kofia zao.

"Inasema nini?" Mama Kapinga akauliza, maana Kiswahili changu kilikuwa kimegeuka kigugumizi. "Mubona munanyamaza?"

Nikamwambia. Akatazama bahasha, akatazama mkono wangu, akakaa chini sakafuni, hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Hatukujitetea. Tata Mwamba alisema mkaguzi ana haki, shimo la tatu likabaki limefungwa, mengine yakaachiliwa, na hakuna aliyekufa, na hilo si kwa akili yangu. Tangu siku hiyo bahasha yoyote ikifika mbele yangu, ya ofisi, ya harusi, ya kilio, naifungua palepale mwenyewe akinitazama, na watu wanasema sekretere huyu hana adabu hata kidogo, nami nawaambia ni kweli, sina, leteni nifungue.