Sebule ya Turubai

Mtaani walimwita Sindano, na si kwa ajili ya cherehani yake peke yake. Mdomo nao ulichoma. Lakini wiki ile baada ya kumzika baba yake, mdomo wote ulikuwa umemwishia. Alisimama katikati ya studio ya picha ya marehemu, kazungukwa na kamera mbovu, taa zilizoungua na makorokoro ya kila namna, na mwenye nyumba anataka chumba chake.

Vingine viligawanywa bila maneno. Shida ilikuwa pazia. Marehemu alilichora mwenyewe kwenye turubai, likafunika ukuta mzima: sebule ya kitajiri, zulia jekundu, ngazi za kupanda ghorofani, na friji, eti, hapo hapo sebuleni! Nani hakupigwa picha mbele yake? Maharusi, vichanga, hata mtu ambaye kwake hakuna kiti.

Kaka yake, dereva wa lori, alilivutavuta pembeni. "Zito hili. Nalikata vipande viwili, nafunikia mzigo."

"Ukate kazi ya baba?"

"Rangi tu hiyo. Wewe utaiweka wapi?"

Sindano alijua pa kuiweka, ila alisita kusema. Akili ya mama yao ilianza kuyumba hata kabla ya msiba. Sasa kila asubuhi alijitanda kitenge, akachukua pochi, akasimama mlangoni: "Nirudisheni kwangu." Kwako wapi tena, mama? "Kule kwenye ngazi." Majirani walishamrudisha kutoka barabara kuu, peku, magari yakimpigia honi. Nyumba aliyolelea wanawe alikuwa ameisahau, akabaki na ile ya kwenye picha za familia. Maskini, zote zilipigwa mbele ya pazia.

"Kwa hiyo unataka kumdanganya mgonjwa," kaka alisema alipoelezwa.

"Wewe uko safarini. Anayemkimbilia barabarani ni mimi! Siku moja nitachelewa, kaka. Nitachelewa, na nitamkuta chini ya gari."

Kaka alilipakia pazia mwenyewe kwenye lori, akaligongelea misumari ukutani kwa mama, akaondoka amenuna.

Mama akatolewa chumbani. Alilisogelea pazia. Kisha akaligusa lile friji, akacheka, kicheko ambacho Sindano alikuwa hajakisikia tangu msiba. Akavua kitenge, akaweka pochi chini, akaketi.

Jamani, Sindano alifurahi hadi machozi yakamtoka. Pochi imewekwa chini! Kesho hakuna kukimbizana na mtu mzima katikati ya magari. Na huenda, alijiambia, mama akitulia atamkumbuka hata mtoto wake. Akavuta kigoda, akaketi miguuni pake, akalaza kichwa kwenye goti lake kama zamani.

Mama alilisogeza goti taratibu, kwa adabu, asije akamwaibisha mtu.

"Ahsante kwa kunifikisha, dada," alisema. "Umenisaidia sana. Lakini jioni inaingia. Nenda nyumbani, mama yako asije akahangaika kukutafuta."

Sindano akainuka, akaaga kama wageni wanavyoaga, akatoka nje.