Kadi ya Shemeji Imeniziba Njia ya Kuolewa

Jumapili, 9 Juni 1996. Mvua imenyesha alfajiri, na sasa kuna mawingu mazito upande wa ziwa. Jirani ametandaza omena wake, dagaa wa ziwani, juu ya magunia, kisha akawaanua tena.

Mhariri, tafadhali ficha jina langu, maana nyumbani gazeti lenu husomwa kwa sauti. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa ni mpiga chapa katika ofisi moja hapa Kisumu. Kwetu ni upande wa Bondo. Kwa baba tuko wasichana wawili, mimi na dada yangu mkubwa, anayeishi Uholanzi na mume wake Mzungu. Walifunga ndoa huko kwa karatasi za serikali, na mahari haikuletwa. Wajaluo wenzangu wanajua maana yake. Ng'ombe wa mdogo hawaingii bomani kabla ya wale wa mkubwa. Mwenzangu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari huko Muhoroni, amekuwa tayari kunioa tangu mwaka juzi, na kila akitaka kuleta wazee wake, baba humjibu, "Ngoja njia ifunguke."

Mwezi wa Aprili nilidhani imefunguka. Dada aliandika kwamba wanakuja, na kwamba shemeji ataleta mahari mwenyewe. Baba aliita wazee siku ya Jumamosi. Mama alipaka kuta upya, nao wakafika.

Shemeji aliogopa kutembea na pesa mkononi, kwa hiyo alibeba kadi ya benki. Huko kwao aliambiwa kwamba popote atakapoona alama iliyo kwenye kadi ile, atapewa pesa. Ijumaa asubuhi nilimpeleka mjini, na kweli, alama ilikuwa kwenye mlango wa kioo wa benki. Akanishika bega. "Unaona, shemeji?"

Karani aliitazama kadi mbele na nyuma. "Madam, hii lazima tupige simu Nairobi, Nairobi nao waulize Ulaya. Na laini imekufa tangu mvua ya jana." Tulikaa kwenye benchi mpaka askari akaanza kufunga milango. Benki ya pili ilikuwa na mashine ya kutoa pesa, lakini ilikubali kadi zao wenyewe tu. Shemeji alisema, "Basi nitazitoa Nairobi Jumatatu, kabla ya ndege." Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba Jumatatu si Jumamosi.

Jumamosi wazee walijaa sebuleni. Nilisimama nikaeleza mambo ya simu na laini. Shemeji aliitoa ile kadi, ikapita mkono kwa mkono. Baba mdogo aliigusa kwa ulimi.

"Hata chumvi haina," alisema, na watu wakacheka. Shemeji naye alicheka, bila kujua kilichosemwa.

Hapo ndipo binamu yangu, ambaye ni mhudumu katika hoteli walimofikia, alipofungua mdomo. "Lakini jana alikula samaki mzima na bia, akalipa kwa hiyo hiyo. Walisugua na kimashine, akaweka sahihi."

Kicheko kilikatika. Baba aliniangalia mimi, si shemeji.

"Kwa hivyo samaki ya hoteli inakubali, ng'ombe yangu ndiyo inakataa?"

"Hapana, baba. Hoteli inachukua sahihi yake, halafu inangoja benki iilipe. Hawapati pesa saa hiyo."

"Aa! Basi hoteli inamwamini mkwe wetu kuliko sisi," akasema baba mdogo.

"Nyathina, mwanangu," baba aliniambia polepole, "nilikusomesha ndiyo uje kumtetea mtu anayekula huko na kunyima hapa?" Alitoka nje, na wazee wakala mbuzi bila yeye.

Jumatatu, Nairobi, kadi ilitoa pesa bila shida yoyote. Dada alizituma kwa bahasha, mikononi mwa mtu wa kanisani kwetu. Baba hakuifungua. "Ng'ombe haitumwi kwa bahasha. Aje akae, asalimie watu, tumwone." Nikamwandikia dada. Jibu lilifika wiki iliyopita. Mume wake sasa ameelewa kilichowachekesha wazee, na amesema hatakanyaga tena mahali alipogeuzwa kichekesho.

Nilimsomea mwenzangu barua hiyo. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alisema, "Mimi nimengoja vya kutosha. Mwisho wa mwezi njoo Muhoroni na sanduku lako, tuanze maisha. Mzee wako nitamletea ng'ombe wake siku atakayotaka." Najua mama yake ameshamtafutia msichana mwingine huko kwao. Yeye mwenyewe aliniambia, akiwa ameinamisha kichwa.

Nikienda, baba atakuwa mzee wa mabinti wawili walioondoka bila hata mkia wa ng'ombe, na kila matanga watamuuliza kama mkwe wa pili naye ana kadi. Nisipoenda, nitabaki namngoja Mzungu abadilishe moyo wake. Simlaumu baba. Shemeji pia simlaumu, maana nilikaa naye kwenye lile benchi nikaona alivyotoka jasho. Hilo ndilo linalonichosha. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia, ningekuwa nimeshaamua.

Jana mama aliniletea unga na samaki waliokaushwa. Aliliona sanduku limetolewa chini ya kitanda. Alilifuta vumbi kwa leso yake, akaenda zake.

Wasomaji, hasa ninyi wazazi mliooza mabinti, na ninyi dada mliowahi kuondoka kabla ya ng'ombe kufika: nilibebe sanduku hili, au nilirudishe chini ya kitanda? Mwezi unakimbia, na mimi peke yangu sioni la kufanya.

Mvua imeanza tena. Nazima taa, saa saba na nusu usiku.