Majivu ya Upande wa Minyaa

Wezi wa ng'ombe wenye bunduki walitutisha mpaka tukawa tunalala porini. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walipoanza kulinda na pinde zao tukarudi kulala ndani, na mimi niliwasifu kuliko wote. Kisha wakamtenga jirani yetu, bibi mmoja mjane, kwa sababu mwanawe alitajwa kuwa mwizi. Ukimsalimia au ukimpa moto, unatozwa ng'ombe.

Jioni moja, nikiwa likizo kutoka sekondari, mama akaniambia, "Kamwage majivu kule kwenye minyaa." Ua huo wa minyaa ndio ulikuwa mpaka wetu na yule bibi. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Nikaona ndani ya majivu kuna makaa mekundu, na ilikuwa kiangazi, basi nikayamwagia maji.

Nilipoinuka, bibi alikuwa ng'ambo ya minyaa, ameshika kigae cha kubebea moto.

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Upepo huu ungeunguza nyumba."

Hata shikamoo sikumpa. Niliogopa faini.

Jikoni mama akaninong'oneza, "Ameyachukua?"

Kwa bibi hakukutoka moshi jioni ile. Sisi tulikula ugali wa moto bila kutazamana.